Orville Wright: aliyejifunza kuinama ili asianguke

Msafiri aliyewahi kwenda Lamu kwa ndege ndogo anaijua hali hii. Ndege inakaribia Manda, sauti ya injini inapungua, maji na mikoko inapita chini ya dirisha. Kisha ndege inageuka, na pua yake inainama kuelekea ardhini. Hapo ndipo abiria hushika kiti kwa mikono miwili na kuanza kuomba dua. Wengi wetu hudhani kuinama kwa pua ndiyo hatari yenyewe.

Kumbe ni kinyume chake. Kuinama huko ndiko kunakoiweka ndege hewani. Rubani anapokaribia kutua, kinachoweza kumuua upesi ni kuivuta pua juu wakati mwendo umepungua. Miongoni mwa watu wa mwanzo kulifahamu jambo hilo vizuri, tena kwa gharama ya mbavu na mifupa yake, ni Mmarekani Orville Wright. Leo tumtazame mtu huyu, maana jina lake tulifundishwa shuleni, lakini somo lake kubwa wengi hatukufundishwa.

Mtoto wa askofu

Orville alizaliwa tarehe 19 Agosti 1871 katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio. Baba yake, Milton Wright, alikuwa askofu aliyesafiri sana kwa kazi ya kanisa. Mama yake, Susan, ndiye aliyekuwa fundi wa nyumba. Alijua kutumia nyundo na msumeno, akiwatengenezea watoto vitu vya kuchezea. Kakake Orville, Wilbur, alimzidi kwa miaka minne. Dada yao mdogo, Katharine, alizaliwa tarehe ile ile ya Orville, miaka mitatu baadaye.

Mwaka 1878 baba alirudi safarini na zawadi ndogo, kitu cha kuchezea kilichopaa kwa nguvu ya mpira uliosokotwa. Watoto walikirusha mpaka kikavunjika, kisha wakatengeneza vingine. Mama alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1889. Orville hakwenda chuo kikuu, na hata sekondari hakuimaliza. Alifungua kiwanda kidogo cha uchapaji, akachapa gazeti la mtaa pamoja na kakake. Baadaye, mwaka 1892, wakafungua duka la kuuza na kutengeneza baiskeli.

Ikumbukwe kuwa baiskeli nayo ni somo. Anayepanda baiskeli anajua kwamba haisimami wima peke yake. Ni lazima iende, na mpandaji airekebishe kila dakika. Ndugu hawa waliitazama ndege kwa jicho hilo hilo. Wakati wengine wakihangaika na injini kubwa, wao waliuliza kwanza: mtu akishafika hewani, ataiongozaje?

Mwezi Agosti 1896 Orville aliugua homa ya matumbo, akalala kitandani wiki kadhaa akiwa hajitambui. Siku hizo hizo habari zilitoka Ujerumani kwamba Otto Lilienthal amefariki. Mjerumani huyo alikuwa ameruka mara zipatazo elfu mbili kutoka vilimani kwa mabawa yasiyo na injini. Siku yake ya mwisho, pua ya chombo chake iliinuka, mwendo ukakatika, naye akaanguka kutoka urefu wa mita kama kumi na tano na kuvunjika uti wa mgongo. Alifariki siku ya pili yake. Orville alipopata nafuu, Wilbur alimweleza habari hizo. Kifo hicho hakikutoka akilini mwao tena.

Bawa halitazami ardhi

Hapa tusimame kidogo tuelewe. Bawa hubeba ndege kwa sababu hewa inapita juu na chini yake kwa mwendo wa kutosha. Mwendo ukipungua, rubani hulazimika kuinua pua ili bawa liendelee kubeba uzito ule ule. Akiinua kupita kiasi, hewa huachana na mgongo wa bawa na bawa huacha kubeba. Marubani huiita hali hii stoli. Injini inaweza kuwa nzima, inanguruma vizuri kabisa, na ndege ikaanguka.

Mabaharia wetu hawatashangaa. Nahodha akielekeza omo kwenye upepo kupita kiasi, tanga hupepea ovyo, halivuti tena, na jahazi husimama. Tanga ni lile lile na upepo ni ule ule; kilichoharibika ni pembe. Tofauti ni kwamba jahazi likisimama hubaki juu ya maji. Ndege haina maji ya kuibeba.

Jambo la pili ni kwamba bawa halijui ardhi. Linajua hewa tu. Tarehe 17 Desemba 1903, kwenye mchanga wa Kitty Hawk huko North Carolina, Orville alilala kifudifudi juu ya bawa la ndege waliyoiunda wenyewe, akaruka kwa sekunde 12 na kwenda mita 36 hivi. Ilikuwa ndege ya kwanza yenye injini kuruka na mtu huku ikiongozwa. Upepo wa mbele ulikuwa mkali, kiasi cha kilomita 40 kwa saa. Kwa hivyo juu ya ardhi ndege ilikwenda kilomita 11 tu kwa saa. Mtu angeweza kukimbia pembeni yake, na ndivyo alivyofanya Wilbur. Lakini katika hewa ndege ilikuwa ikienda karibu kilomita 50 kwa saa, na mwendo huo ndio ulioibeba.

Siku tatu kabla, tarehe 14, ilikuwa zamu ya Wilbur baada ya kurusha sarafu. Aliinua pua mno mara tu baada ya kuondoka ardhini. Mwendo ukakatika, ndege ikaanguka mchangani baada ya sekunde tatu na nusu, wakatumia siku mbili kuitengeneza. Stoli ilikuwepo tangu jaribio la kwanza kabisa.

Mti wenye miiba

Baada ya Kitty Hawk ndugu hao walirudi nyumbani, wakaanza kurusha ndege kwenye malisho ya ng'ombe yaitwayo Huffman Prairie, nje ya Dayton. Huko hakukuwa na upepo mkali wa kuwasaidia. Mwezi Septemba 1904 walijenga mnara wenye mizigo mizito: mizigo ikidondoka, kamba inaivuta ndege mpaka ipate mwendo wa kuruka. Walijifunza kugeuka, na Septemba hiyo hiyo Wilbur akazunguka duara kamili.

Lakini tatizo jipya likazuka. Mara nyingine, wakigeuka kwa kona kali, ndege ilikataa kurudi sawa. Bawa la ndani liliendelea kushuka hata rubani akifanya kila alilojua, mpaka ndege inagusa ardhi. Mwaka 1904 ulikwisha bila jibu. Mwezi Julai 1905 Orville alipata ajali mbaya: pua iligonga ardhi kwa kishindo, naye akatupwa nje kupitia bawa la juu lililovunjika. Baada ya hapo walilikuza bawa dogo la mbele, lile la kuinua na kushusha pua, na kulisogeza mbele zaidi.

Mwishoni mwa Septemba 1905 Orville alikuwa akizunguka mti mmoja wa miiba uliosimama peke yake malishoni. Katikati ya kona, ndege ikaanza ule ugonjwa wake. Bawa la ndani lilishuka na ndege ikaanza kuteleza kuelekea mti. Orville aliona hakuna njia ila kutua haraka kabla ya kugongana nao. Kwa hivyo akainamisha pua kuelekea ardhini.

Hapo ndipo muujiza wa kawaida ulipotokea. Pua ilipoinama, mwendo ulirudi. Mwendo uliporudi, bawa likatii. Ndege ilinyooka, ikayagusa matawi ya mti, na Orville akaruka salama hadi alikoanzia.

Ndugu hao walikaa kulichambua jambo hilo na wakalielewa. Ndege inapogeuka, mabawa hayabebi uzito wake tu. Hubeba pia ile nguvu inayoivuta nje ya kona. Mzigo unazidi, na mwendo unaohitajika kuubeba unazidi pia. Rubani asipoongeza mwendo, au asipoinamisha pua kidogo ili aupate, bawa litaacha kubeba katikati ya kona. Tatizo la miezi mingi halikuhitaji chuma kipya wala injini kubwa. Lilihitaji mkono wa rubani kufanya kile ambacho hofu inakataza.

Tarehe 5 Oktoba 1905, siku chache tu baadaye, Wilbur aliruka kwa dakika 39 na kwenda kilomita 39 hivi akizunguka malisho yale yale. Hapo ndipo walipoona kuwa ndege yao inafaa kuuzwa. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Orville aligundua kwamba mtaka cha juu naye sharti ainame.

Umaarufu na msiba

Mwaka 1908 dunia iliamini. Wilbur alikwenda Ufaransa kuwaonyesha Wazungu ndege, naye Orville akaenda Fort Myer, karibu na Washington, kuonyesha jeshi la Marekani. Tarehe 17 Septemba alipaa na afisa kijana, Luteni Thomas Selfridge. Rafadha moja ilipasuka hewani, ikakata waya wa usukani wa nyuma. Orville alizima injini na kujaribu kuishusha ndege polepole, lakini pua ilizama na ndege ikaanguka. Selfridge alifariki. Ndiye mtu wa kwanza kufa katika ajali ya ndege yenye injini. Orville alivunjika mguu na mbavu, akalazwa wiki saba. Katharine aliacha kazi yake ya ualimu ili akae kando ya kitanda chake.

Mwaka uliofuata Orville alirudi pale pale Fort Myer, akaruka tena na kuyatimiza masharti ya jeshi. Tarehe 25 Mei 1910 alimpandisha baba yake angani, mzee wa miaka 81. Siku hiyo hiyo, kwa mara moja tu maishani, yeye na Wilbur waliruka katika ndege moja. Baba alikuwa amewakataza kuruka pamoja, kwa hofu ya kuwapoteza wote wawili kwa ajali moja.

Lakini ajali haikumchukua Wilbur. Alikufa kwa homa ya matumbo tarehe 30 Mei 1912, akiwa na miaka 45. Orville alibaki peke yake na kampuni, kesi za hataza, na mzigo mmoja mzito zaidi.

Kuanzia mwaka huo, marubani kadhaa wa jeshi la Marekani walikufa katika ndege za Wright aina ya C. Baadhi walikuwa wakishuka kutua. Ndege ilikuwa ikishuka vizuri, kisha ghafla pua inazama na chombo kinajikita ardhini. Orville aliamini kuwa marubani walikuwa wakipoteza mwendo bila kujua: wanainua pua kidogo kidogo, wanadhani wako salama, na bawa linawaacha. Ndipo mwaka 1913 akaunda chombo kidogo cha kumwonyesha rubani pembe ambayo bawa lake linakutana na hewa, ili asitegemee hisia za mwili pekee. Wazo hilo lilianza na uzi. Tangu siku za mwanzo ndugu hao walifunga kipande cha uzi mbele ya rubani, kikipeperushwa na hewa, wakakisoma kama baharia anavyosoma bendera ya mlingoti.

Tuseme haki hapa. Wakaguzi wa jeshi hawakuridhika na maelezo ya kosa la rubani peke yake. Waliona kasoro katika ndege zenyewe, ikiwemo injini iliyowekwa nyuma ya rubani na kumponda ndege ilipoanguka. Mwezi Februari 1914 jeshi likaacha kutumia ndege za mtindo huo. Orville alikuwa na jibu sahihi kuhusu bawa, lakini jibu sahihi halikutosha kuwaokoa vijana waliopewa ndege ngumu kurusha. Hilo nalo ni funzo: kumlaumu rubani ni rahisi, ilhali kazi ya fundi ni kumrahisishia rubani kufanya lililo sawa.

Somo la 1905 kwa anayetua leo

Zaidi ya miaka mia moja imepita, na stoli karibu na ardhi bado inaua marubani wa ndege ndogo duniani kote. Mara nyingi mahali pake ni pale pale: kona ya mwisho kabla ya kunyooka na uwanja.

Hebu mfikirie rubani anayekuja kutua wakati wa kusi. Anatakiwa atue akikabili upepo, kwa hivyo kabla ya kugeuka huwa anakwenda na upepo. Ukimsukuma kutoka nyuma au ubavuni, ardhi inapita chini yake haraka. Jicho linamwambia anakwenda mbio, naye anapunguza. Kumbe katika hewa hana mwendo wa ziada hata kidogo. Ni hesabu ile ile ya Kitty Hawk iliyogeuzwa: siku ile ardhi ilisema 11 na hewa ikasema 50. Rubani anayeisikiliza ardhi anadanganywa.

Kisha upepo unamsukuma kupita mstari wa uwanja. Anataka kurudi, anakaza kona. Ndege ikilala nyuzi 60 bila kushuka, mwendo wa chini kabisa unaoibeba hupanda kwa asilimia 41. Ikilala nyuzi 30 hupanda kwa asilimia 7 tu. Hapo ardhi iko karibu, hofu inaushika mkono, na mkono unavuta pua juu. Ni mti wa miiba wa Orville, ila Orville aliinamisha.

Ndiyo maana marubani hufundishwa mambo machache yasiyo na mzaha. Kwanza, kukaribia uwanja kwa mwendo usiopungua mara 1.3 ya ule ambao bawa huacha kubeba. Kama bawa huacha kwa kilomita 90 kwa saa, aje na 117. Pili, upepo ukiwa wa vishindo aongeze kidogo, kwa kuwa kishindo kikipita ghafla huondoka na sehemu ya mwendo. Asizidishe pia, kwani anayekuja kasi mno huelea juu ya uwanja na kuumaliza kabla ya kugusa. Tatu, kona ziwe za taratibu, na jicho lirudi kila mara kwenye saa ya mwendo. Nne, na hili ndilo gumu kuliko yote, mambo yakiharibika asilazimishe. Aongeze nguvu ya injini, alinde mwendo wake, apande, azunguke na kujaribu upya.

Kuondoka kwake

Orville aliuza kampuni yake mwaka 1915 na kurusha ndege mara ya mwisho mwaka 1918. Hakuoa. Aligombana kwa miaka mingi na taasisi ya Smithsonian, ambayo ilikuwa imempa mtu mwingine sifa ya kuunda ndege ya kwanza yenye uwezo wa kuruka. Kwa uchungu, mwaka 1928 aliipeleka ndege ya 1903 katika jumba la makumbusho mjini London. Taasisi hiyo baadaye ilikiri kosa.

Mwaka 1944, akiwa na miaka 72, alipandishwa katika ndege kubwa ya abiria yenye injini nne, akaruhusiwa kushika usukani kidogo. Alifariki kwa maradhi ya moyo tarehe 30 Januari 1948. Desemba ya mwaka huo huo ndege yake ya kwanza iliwekwa katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington, na iko huko hadi leo.

Nimemaliza maisha yake, lakini nina neno kwetu sisi tunaopanda ndege hizi kwenda na kutoka visiwani. Rubani akikatisha kutua, akapaa tena na kuzunguka, tusimnung'unikie. Tusimwambie tumechelewa harusi, mazishi au mkutano. Abiria anayemharakisha rubani anamsogeza kwenye ule mti wa miiba.

Na kijana wa Pwani anayetamani urubani, aanze na somo la malisho ya ng'ombe ya Dayton. Kupaa kutamfurahisha siku ya kwanza. Atakaporudi chini, kona imekaza na moyo unamwambia vuta, ndipo atakapojulikana kama amefundishika. Aipe ndege mwendo wake kwanza, uwanja utamngoja.